Muzee mwenye kansere ya matumbo: yeye anasema nini?

Wiki hii ninajibu ulizo la mama mumoja wa kikundi chetu. Mama-mukwe wake ana miaka 76. Wanganga wameona kansere kwenye utumbo mukubwa, na imekwisha kufika kwenye ini. Mashemeji wanasema: "Amezeeka, tumuache apumuzike." Binti yake anataka kuuzisha shamba ili apelekwe mbali. Muzee mwenyewe, hakuna mutu amemwambia ugonjwa wake ni nini.

Kwetu ugonjwa huu unachelewa kujulikana. Mutu anaona damu kwenye choo, anapewa dawa ya amibe. Damu inarudia, wanasema ni hemoroide. Miezi inapita, anakonda, damu inamupungukia, choo kinafunga siku tatu kisha kinakuwa maji. Amibe iko kweli. Lakini muzee mwenye anaendelea kutoa damu kisha kumaliza dawa, asipewe tena zilezile. Munganga amupime kwa kidole kwenye njia ya haja kubwa, hata kama tunasikia haya, na aangalie utumbo kwa mashini pahali iko.

Kansere ikifika kwenye ini ao mapafu, mara nyingi haiponi kabisa. Hiyo haimaanishi kwamba hakuna la kufanya. Shimioterapi inaweza kuipunguza na kuongeza miezi, kwa wengine miaka. Utumbo ukiziba, operesheni ya kutoboa njia kwenye tumbo na kuweka mufuko inaondoa mateso makubwa. Na morfini ya kunywa inatuliza maumivu. Kuipewa si kusema mutu anakufa kesho.

Sasa, miaka 76 si mingi sana kwa shimioterapi? Miaka peke yake haijibu. Munganga muzuri anauliza: anatembea mwenyewe? Anajipikia? Amepoteza kilo ngapi? Moyo, figo na sukari viko namna gani? Anasahau dawa? Nani analala naye nyumbani? (Sisi walimu pia hatuweke mutoto kwenye darasa kwa kuangalia urefu wake.) Kule Uingereza, wanganga walifuata wagonjwa 459, wazee ao watu zaifu, wenye kansere hii imekwisha kuenea. Walianza na asilimia 80 ya kipimo cha kawaida, wakiangalia kama mwili unavumilia. Matokeo yalitoka mwaka wa 2011: watu kama hao wanaweza kutibiwa, wakichunguzwa muzuri mbele. Na jambo moja linashangaza: vidonge vya kapesitabini, vyenye wengi wanazania ni vyepesi, vilileta taabu kali kuliko dawa ya kuingiza kwenye mushipa. Basi kidonge kisitudanganye. Mugonjwa akipata homa ya 38, kuhara sana ao vidonda kwenye kinywa, anapelekwa hospitali siku ileile. Na kama anakunywa dawa ya majani, munganga ajue.

Juu ya shamba, ninasema wazi: lisiuzishwe mbele ya kuuliza maulizo haya. Matibabu haya yanatafuta kuponyesha, ao kupunguza? Bei yenye wametaja ni ya mara moja, ao inarudia kila wiki tatu? Feza zikiisha katikati, itakuwa namna gani? Safari, chakula cha mulinzi na nyumba ya kulala viko ndani ya hesabu? Jamaa yenye inajua majibu inaweza kuuzisha ao kukataa, na hakuna mutu atawahukumu. Lakini lile shamba ndilo linalisha wajukuu, na yule muzee ndiye alililima.

Nani amwambie? Kwa maoni yangu, mutu mwenye anamutumainia, katika luga yake ya nyumbani, wakiwa wamekaa, bila umati wa jamaa. Aanze kwa kumuuliza: "Mama, wewe unafikiri ugonjwa huu ni nini?" Wazee wengi wanakuwa wamekwisha kuzania. Kama anasema, "Sitaki kujua, muzungumuze na mutoto wangu wa kwanza," hilo pia ni jibu, tuliheshimu. Anaweza kukubali dawa. Anaweza pia kusema anataka kurudi muji wake, awe na morfini na wajukuu karibu. Hapo binti na mashemeji wanaweza kuanza kuhesabu feza.