Nani Atalipia Kiti Kitupu?

Kila kinapotajwa kiwanja kidogo cha ndege cha Suneka, nje ya mji wa Kisii, husikika dai lile lile: kipanuliwe, kitiwe lami, na ndege zitakuja zenyewe. Nimelisikia tena hapa Ekerenyo, katika milima ya chai na migomba ya Nyamira, na siwalaumu wanaolitoa. Mtu wa hapa anayefanya kazi Mombasa akipata habari ya msiba, hukesha ndani ya basi mpaka Nairobi, kisha huanza safari nyingine ndefu ya kuja huku. Sisi watu wa pwani, ambao maiti wetu hangoji, hatuhitaji kufasiriwa uzito wa jambo hilo. Ni wangapi miongoni mwetu waliofika nyumbani wakakuta udongo wa kaburi umekwisha kukauka?

Lakini, ndugu msomaji, lami peke yake haileti ndege. Ndege huletwa na hesabu, na hesabu yenyewe ina swali moja gumu: siku ndege ikiruka nusu tupu, ni nani atakayelipia viti visivyo na watu?

Bibi Florence Kerr Wilson, mjane wa Kizungu aliyeanzisha shirika la Wilson Airways mjini Nairobi mwaka 1929, alilipata jibu lake katika barua. Abiria wa zama hizo walikuwa wachache, nao karibu wote ni walowezi na maofisa. Lakini tangu mwaka 1931 ndege za Imperial Airways zilikuwa zikileta posta ya Uingereza hadi Kisumu, na vindege vya Bibi Wilson vikaichukua na kuisambaza. Njia yake ya pwani ilipita Mombasa, Tanga, Unguja na Dar es Salaam. Kiti kikiwa kitupu, gunia la barua lilikuwamo, na gunia lilikuwa na mlipaji. Vita vilipozuka mwaka 1939 serikali ilizichukua ndege na marubani kwa kazi yake, na shirika likafa. Leo limebaki jina tu, katika kiwanja cha Wilson, Nairobi.

Wazee wetu waliijua hesabu hii kabla ya kuzaliwa ndege. Jahazi la Lamu halikuwa na kiti kitupu kwa sababu halikuwa na kiti. Lilipakia boriti kwenda Arabuni, likarudi na tende na chumvi, na msafiri alijitandikia mkeka wake juu ya shehena. Shehena ndiyo iliyolipa safari. Nauli ya msafiri ilikuwa baraka ya juu.

Baada ya vita likaja East African Airways, mwaka 1946. Hapo mlipaji alikuwa serikali. Shirika lilianza na ndege ndogo za rafadha, likaendelea hata likamiliki ndege kubwa za jeti za kwenda Ulaya. Njia yenye faida iliweza kuibeba njia isiyo na faida, kama mkono wa kulia unavyouosha wa kushoto. Lakini Kenya, Uganda na Tanzania zilipogombana juu ya madeni na michango, mikono ikaacha kuoshana. Mwaka 1977 shirika lilikufa pamoja na Jumuiya yenyewe, na Kenya ikaanzisha Kenya Airways mwaka huo huo.

Sasa tuje karibu. Mwaka 2006 lilizaliwa shirika la Fly540. Jina lake lilitokana na nauli: shilingi 5,540, Nairobi hadi Mombasa, kwenda na kurudi. Watu ambao hawakuwahi kuota kupanda ndege walipanda. Shirika likaeneza mbawa hadi Kisumu, Eldoret, Kitale, Lodwar, Malindi na Lamu. Kwa mtu wa Ekerenyo, ndege ya Kisumu ilimaanisha kwamba aliyeamka Mombasa aweza kuteremka, akashika gari, na akaingia kwao siku ile ile.

Fly540, hata hivyo, halikuwa na gunia la barua wala serikali tatu nyuma yake. Lilikuwa na mfuko wa abiria, basi. Mafuta na vipuri hununuliwa kwa dola, na tikiti huuzwa kwa shilingi. Kila shilingi ikianguka, kiti kitupu huzidi kuwa ghali. Mwaka 2014 Kenya Airways ikaleta Jambojet, nayo ya nauli nafuu, katika njia zile zile zenye watu wengi. Mwaka 2017 likaja treni la Mombasa na Nairobi, nauli ikianzia shilingi 700. Mwaka 2020 ugonjwa wa korona ukazifunga anga. Mwaka 2022 ndege za Fly540 zikaacha kuruka.

Angalia basi nani aliyeumia. Mombasa na Kisumu hazikukosa ndege, kwani wakubwa waliokuwa wakishindania njia hizo wamebaki. Katika biashara hii njia nono hupata warithi upesi. Njia nyembamba ndiyo hubaki yatima.

Na Suneka, ikifunguliwa, itakuwa njia nyembamba. Chai ya milima hii huja kuuzwa mnadani kwetu Mombasa, lakini huja kwa lori, kwani haistahimili gharama za ndege. Ndizi ni hivyo hivyo. Kwa hiyo wanaodai lami wadai pia mkataba: dawa na damu za hospitali zitapanda ndege gani, barua na vifurushi vitasafirishwa na nani, na kaunti za Kisii na Nyamira ziko tayari kununua viti vingapi kila wiki, vikae watu au visikae. Jambo hilo lisemwe kabla ya tingatinga kuwasha moto. Vinginevyo tutajenga kiwanja kizuri, tutakizindua kwa ngoma na hotuba, kisha tutawaachia ng'ombe.