Kibarua Asiye na Barua

Mimi ni mwalimu wa lugha, na kazi hii hunifunza kuyatilia shaka maneno yaliyozoeleka. Hebu tulitazame neno "kibarua". Asili yake ni barua ndogo: kadi aliyopewa mtu wa kazi ya kutwa iwe ushahidi wa siku alizofanya kazi. Leo, wengi wa wale watokao Kibera alfajiri kwa miguu kuelekea Eneo la Viwanda, na wale wa Kawangware waendao kufua katika nyumba za Lavington, wamebaki na jina tu, barua hawana.

Hapo ndipo kisasi cha mwajiri kinapojificha. Mwenye mkataba akitaja chama cha wafanyakazi, sharti afutwe, na kufutwa huacha alama. Kibarua hafutwi, kesho yake langoni haitwi, basi. Nani atathibitisha sababu?

Sheria si bubu. Kifungu cha 41 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mfanyakazi haki ya kuunda chama na kujiunga nacho. Sheria ya Ajira ya 2007 nayo inakataza mtu kuachishwa kazi kwa sababu ya chama.

Hata hivyo, wenye mikataba nao hawajasalimika. Daniel Motaung, raia wa Afrika Kusini, aliachishwa kazi na kampuni ya Sama jijini Nairobi mwaka 2019, baada ya kuwaunganisha wenzake waliokuwa wakichuja maandishi na picha za Facebook. Kampuni ilishikilia kwamba aliwatisha wenzake. Yeye akaenda mahakamani mwaka 2022. Septemba 2024 ndipo Mahakama ya Rufani ilipoamua kwamba Meta, wenye Facebook, wanaweza kushtakiwa hapa Kenya. Miaka mitano ilikuwa imepita, na bado palikuwa pakibishaniwa mahali pa kushtakiana! Kibarua wa Kawangware atangoja hivyo akila nini?

Wakoloni walimkamata Makhan Singh mwaka 1950 na kumzuilia hadi 1961, kwa kuwaunganisha wafanyakazi. Tangu hapo desturi ni moja: mtetezi huitwa mchochezi, jina hutangulia, adhabu hufuata.

Wakaguzi wa Wizara ya Leba na wafike malangoni alfajiri, wadai kumbukumbu za ajira ambazo sheria humlazimisha mwajiri kuziweka. Jina lililoandikwa haliwezi kutoweka kimyakimya. Kibarua na arudishiwe barua yake.