Uanuwai na Uongozi katika Idara za Fiziotherapia Nchini Kenya

Fiziotherapia, yaani tiba ya viungo na misuli inayomrudishia mtu uwezo wa kujongea kwa mazoezi, kukandwa na njia nyingine zisizo za dawa wala upasuaji, ni taaluma ambayo mafanikio yake hutegemea watu wawili kwa wakati mmoja, mtaalamu na mgonjwa. Kwa sababu hiyo uanuwai, neno linalotumiwa hapa kwa maana ya watu wa jinsia, kabila, dini, lugha na hali tofauti za mwili kufanya kazi pamoja, hauwezi kuchukuliwa katika idara za fiziotherapia kuwa pambo la taasisi. Nchini Kenya, ambako sheria imekwisha kuweka viwango vya uwakilishi katika utumishi wa umma, swali zito lililobaki ni la nani anayeamua, kwani idara isiyogawa madaraka ya kuamua haijaufikia uanuwai hata kama orodha ya wafanyakazi wake inapendeza.

Daktari wa upasuaji huweza kumtibu mgonjwa aliye katika usingizi wa dawa, lakini mtaalamu wa fiziotherapia hawezi kufika mbali na mtu asiyemwelewa wala kumwamini. Aliyepooza upande mmoja kwa kiharusi hujifunza upya kusimama kwa kurudia zoezi lilelile mara nyingi, sehemu kubwa akiwa nyumbani, na maelekezo aliyopewa kwa lugha asiyoimudu humfikia huko yakiwa nusu. Mama aliyelegea misuli ya nyonga baada ya kujifungua huulizwa mambo ambayo wengi huona haya kuyataja mbele ya mwanamume. Mzee Mwislamu wa Kwale au Garissa aliyeumia goti anaweza kuandikwa kuwa amepona kwa kuwa anatembea bila mkongojo, ilhali yeye hupima kupona kwake kwa kuweza kusujudu, jambo linalodai goti likunjike zaidi sana kuliko linavyokunjika katika kutembea. Anayepanga zamu, anayeomba fedha za chumba chenye pazia na anayeamua ni lengo lipi litaandikwa katika jalada la mgonjwa ni kiongozi, na asipoyajua mambo hayo, au asipokuwa na wa kumweleza, mgonjwa ndiye anayegharimika.

Historia ya taaluma yenyewe inaonyesha kwamba mipaka ya nani anaifaa kazi huwekwa na wenye madaraka. Chama cha wanataaluma hao nchini Uingereza kilianzishwa mwaka 1894 na wauguzi wanne, wote wanawake, waliotaka kulinda heshima ya kazi ya kukanda. Miongo miwili baadaye, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, askari waliopofuka vitani walifundishwa kazi hiyohiyo katika kituo cha St Dunstan's jijini London, kilichoanzishwa mwaka 1915 na Arthur Pearson, mmiliki wa magazeti aliyekuwa amepoteza uwezo wa kuona. Mlango huo ulifunguliwa na mtu mwenye uwezo wa kuamua ambaye aliyajua maisha ya upofu kwa kuyaishi, naye akatambua kwamba mkono uliofunzwa hauhitaji jicho ili kuusoma msuli.

Sheria za Kenya zina nguvu ambayo nchi nyingi hazina. Katiba ya 2010 inataka jinsia moja isizidi theluthi mbili katika vyombo vya kuchaguliwa au kuteuliwa, na inaelekeza kwamba hatua kwa hatua angalau asilimia 5 ya wajumbe wa vyombo hivyo wawe watu wenye ulemavu. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 inakataza taasisi ya umma kuwa na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi wa kabila moja, na Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inatenga angalau asilimia 30 ya nafasi za ngazi ya kuanzia kazi kwa watu wasiotoka katika jamii iliyo kubwa zaidi kauntini. Hata hivyo, kipimo hicho cha mwisho humfikisha mtu mlangoni tu, na hakisemi lolote juu ya safari yake hadi kiti cha mkuu wa idara. Isitoshe, hesabu za theluthi hufaa taasisi kubwa, lakini katika idara yenye wataalamu watatu theluthi moja ni mtu mmoja, na hapo asilimia hazina la kuongoza. Kinachotawala ni mazoea ya anayeongoza.

Pengo hilo kati ya kuajiriwa na kuongoza si la Kenya peke yake, kwani ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2019 ilieleza kuwa wanawake ni takriban asilimia 70 ya wafanyakazi wa afya duniani lakini wanashika takriban robo tu ya nyadhifa za juu. Sababu mojawapo imejificha ndani ya nia njema. Mtaalamu wa kike anapopangiwa wagonjwa wa kike tu, au mzaliwa wa kaskazini anapofanywa mkalimani wa kudumu wa watu wa kwao, mgonjwa hunufaika leo, ilhali mtaalamu huyo hukosa uzoefu wa wodi za wagonjwa mahututi au wa majeraha ya michezo, na siku ya kupandishwa cheo huambiwa kwamba hajapitia kazi za kutosha.

Wapo wanaohofu kwamba kuzingatia uanuwai hudhoofisha sifa za kitaaluma, na hofu yao inastahili jibu kwa kuwa mikono isiyo na ujuzi huumiza. Sheria ya Wataalamu wa Fiziotherapia ya 2014 imeunda baraza la kusajili na kutoa leseni, kwa hiyo ujuzi wa msingi huwa umekwisha kuthibitishwa kabla ya mtu kuajiriwa. Kinachobishaniwa ni ugawaji wa fursa baina ya watu ambao wote wana leseni. Vigezo vya kupanda cheo vikiandikwa na kubandikwa, ukaimu wa ukuu wa idara ukizungushwa, na nafasi za masomo zikigawiwa kwa orodha iliyo wazi, sifa hazipungui. Kinachopungua ni upendeleo uliokuwa ukijiita sifa. Kaunti 47, ambazo tangu mwaka 2013 ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya huduma za afya, zina uwezo wa kuyatekeleza hayo bila kungoja sheria mpya, na zikiyatekeleza, mzee wa Kwale atakuta katika idara ya fiziotherapia mtu mwenye mamlaka ya kuandika kwamba lengo la tiba yake ni kusujudu.