Kabla hujampelekea mpishi tango, jitengenezee saladi ya Kigiriki

Vijana wangu mnaolima matango na hoho za kuuza hotelini, saladi ya Kigiriki mnaijua kwa jina tu. Itengenezeni, mle.

Anayekwepa wanga anaipenda, maana haina viazi wala mkate. Kule Ugiriki hata majani ya saladi hawaweki: ni nyanya, tango, kitunguu, hoho, zeituni na jibini ya feta, basi. Vipande vinakatwa vikubwa. Hapo ndipo kazi yako inapoonekana, kwa sababu tango lililokomaa likajaa mbegu halina pa kujificha, wala nyanya iliyochumwa mbichi ikaivia kwenye tenga.

Sosi za dukani nyingi zina sukari, achana nazo. Vijiko 3 vya mafuta ya zeituni, 1 cha maji ya limau, kitunguu saumu cha kuponda, oregano kavu, chumvi kidogo (feta yenyewe ina chumvi ya kutosha). Tia kwenye chupa ya jamu, tikisa, mwagia.

Mimi naona mkulima aliyerudishiwa kreti aanzie kwenye bakuli hilo, kabla hajanipigia simu kumlaumu mpishi. Ukionja tango ukakuta chungu, kaangalie umwagiliaji wako: kiu na joto kali ndivyo vinavyoleta uchungu huo.