Nyundo na Tindo Si Ufundi

Kaa nusu saa kwa fundi baiskeli yeyote, Nachingwea au Ruangwa, utaisikia kauli hii: Phoenix ni chuma, na chuma hutii nyundo. Fundi wa kweli hatambuliwi kwa spana zake, hutambuliwa kwa mkono. Mpe nyundo, tindo na spana malaya, atakufungulia hata ekseli ya krenki ambayo haijaguswa tangu baiskeli itoke dukani. Wateja nao huitikia, tena kwa sifa. Mimi naiita kauli hiyo uvivu unaojiita ujuzi, na bili yake humwangukia mkulima.

Tazama kazi yenyewe inavyokwenda. Krenki inacheza, baiskeli inalazwa ubavu. Fundi anafungua nati ya kotapini, ile pini inayobana krenki kwenye ekseli, anaitoa nati kabisa, anaanza kupiga. Kotapini haitoki, ncha yake inafumuka na kutanuka, sasa haiwezi hata kupita kwenye tundu lake. Anaongeza nguvu. Kila pigo linapita kwenye krenki, linaingia kwenye ekseli, linaishia kwenye gololi, nazo zinachimba vishimo ndani ya vikombe. Kisha anaweka tindo kwenye kikombe cha kulia na kukigonga kinyume cha saa, kwa kuwa ndivyo alivyozoea kufungua kila nati. Kumbe katika baiskeli nyingi za mtindo wa Kiingereza, kikombe cha upande wa mnyororo kina thredi ya kushoto: hulegea kwa kufuata mshale wa saa. Jasho lote lile lilikuwa la kukikaza. Jioni kikombe kimeliwa kingo, thredi ya fremu imekufa, na mwenye mali anaambiwa, "Mzee, baiskeli yako imechoka."

Haijachoka. Imepigwa.

Kazi hiyo inataka vifaa vichache tu, ila kila kimoja mahali pake. Kwanza kipande cha bomba cha kuegemezea krenki, ili kotapini ipate nafasi ya kutokea na pigo liende ardhini, lisiende kwenye gololi. Nati ibaki nchani, isawazishwe na mwisho wa thredi iilinde. Ukiwa na klempu ya kuisukuma kotapini bila kupiga, heri zaidi. Upande wa kushoto, spana ya ndoano kwa ringi ya kubania, na spana ya pini mbili kwa kikombe chake. Upande wa kulia inatosha boli nene, washa na nati: pitisha boli kutokea ndani ya kikombe, kaza nati kwa nje kufuata saa. Ikishabana sawasawa, kule kuendelea kukaza ndiko kunakokilegeza kikombe. Baada ya hapo ni mafuta ya taa ya kusafishia, grisi mpya, na kwa kawaida gololi 11 za robo inchi kila upande. Si nane kwa sababu nyingine zilidondoka mchangani.

Najua jibu litakalokuja: vifaa hivyo viko Dar es Salaam, na bei yake haisemeki. Fimbo ya mbali haiui nyoka, nakubali. Lakini spana ya pini mbili ni kipande cha springi ya gari, tupa, na dakika chache za mchomeleaji yuleyule anayetengeneza madirisha. Spana ya ndoano ni hivyohivyo. Bomba na boli vinaokotwa gereji.

Wala sisemi kwamba ghali ndiyo sahihi. Wilaya ya Nachingwea ina ushahidi wake. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mpango wa karanga Tanganyika, Nachingwea ikiwamo. Walileta mitambo mizito. Hata vifaru vya Sherman viligeuzwa matrekta. Kufikia 1951 mpango ulikuwa umekufa, na reli iliyojengwa kutoka Mtwara hadi Nachingwea ikafungwa 1962. Chuma walikuwa nacho, fedha walikuwa nazo. Ila hawakuuliza kwanza ardhi inataka nini. Mwenye nyundo anarudia kosa lilelile kwa bei nafuu.

Na gharama kwa mkulima si ndogo. Korosho zikianza kudondoka, gunia linatoka shambani juu ya keria mpaka ghala la chama cha msingi. Bodaboda zipo, lakini petroli ni ya kununua. Baiskeli ikilala kwa fundi wiki nzima ikingoja fremu nyingine, korosho haziingoji.

Halmashauri zinatenga asilimia 4 ya mapato ya ndani kuwakopesha vijana. Kikundi kinachoomba pikipiki hakishangazi mtu. Kikundi cha mafundi kinachoomba jiriwa, klempu na seti ya spana nacho kisikilizwe. VETA nao wasione aibu kufundisha baiskeli, maana ndiyo iliyo mlangoni kwa watu.

Wakati tukisubiri hayo, mteja ana silaha yake. Kabla hujaiacha baiskeli, muulize fundi: kikombe cha kulia utakizungusha kwenda wapi, na kwa kifaa gani? Akijibu kwa kuinua nyundo, chukua baiskeli yako uikokote kwa mwingine.