Mzigo unafuatiliwa, mwenye mzigo je?

Lori linapotoka bandari ya Mombasa na kontena la kwenda Kampala au Kigali, mlango wa kontena hilo hufungwa kwa lakiri ya kielektroniki. Tangu mwaka 2017, mamlaka za mapato za Kenya, Uganda na Rwanda zimekuwa zikifuatilia mizigo ya namna hiyo kwa mfumo mmoja wa kanda. Lori likiacha njia, au lakiri ikichezewa, ofisa aliyekaa mbele ya kompyuta huona papo hapo, na kikosi cha doria kinaweza kutumwa. Ni mfumo uliosaidia, kwa sababu umepunguza haja ya malori kusubiri kusindikizwa.

Sasa utazamwe upande wa pili wa biashara hiyo hiyo. Mama anayevuka Ziwa Tanganyika kwa boti kutoka Kigoma kwenda Kalemie, na mabati, sabuni na chumvi ya Uvinza, ana zaidi ya kilomita 100 za maji mbele yake. Dereva wa Fuso aliyepakia unga Kitale kuelekea Kapoeta hupita Lodwar, Lokichoggio na Nadapal, na huko kuna vipande virefu vya njia ambavyo simu haishiki. Injini ikizima katikati ya ziwa, au gari likikwama kwenye lagha iliyojaa maji ya mvua, aliyebaki nyumbani hana la kufanya isipokuwa kupiga namba ambayo haipatikani. Siku ya kwanza husemwa labda betri imekwisha. Siku ya tatu ndugu huanza kuzunguka stendi na mwaloni wakiuliza.

Kwa maneno mengine, Jumuiya ya Afrika Mashariki imejifunza kujua ushuru wake uko wapi, lakini bado haijajali kujua mlipa ushuru yuko wapi. Pengo hilo linaweza kupunguzwa. Vifaa vya kutuma mahali na ujumbe kwa satelaiti, ambavyo zamani vilikuwa vya wapanda milima na mashirika makubwa, sasa vina bei ambayo kikundi cha wafanyabiashara kinaweza kuimudu. Yanahitajika mambo mawili: wanunuzi wachague kwa akili, na serikali zikubaliane kuvitambua vifaa hivyo mipakani.

Kosa linalowagharimu wengi ni kudhani kwamba kila traka yenye GPS hutuma taarifa kwa satelaiti. Satelaiti za GPS, zilizo juu kiasi cha kilomita 20,000, kazi yake ni kutangaza tu. Kifaa husikiliza na kukokotoa kilipo, lakini hakiwezi kuzituma satelaiti hizo zipeleke habari kwa mtu. Traka za kawaida zinazofungwa kwenye bodaboda na magari mijini, zinazouzwa kwa takribani dola 20 hadi 50, hutegemea laini ya simu kupeleka habari. Kati ya Mombasa na Malaba zinafaa sana. Mnara ukiisha, nazo hunyamaza, ingawa zenyewe zinajua vizuri zilipo. Muuzaji akisema kifaa chake ni cha satelaiti, swali la kumuuliza ni moja: kinaingia laini ya simu? Kama jibu ni ndiyo na hakina njia nyingine, hicho si cha safari ya Kapoeta.

Vifaa vinavyotuma kwa satelaiti navyo havilingani. Vile vya bei ya chini, kama SPOT, hupatikana kwa takribani dola 150 na hutumia mtandao wa Globalstar. Satelaiti za mtandao huo hufanya kazi kama kioo: hupokea ishara na kuirudisha chini kwenye kituo cha ardhini, na kituo kikiwa mbali mno, ishara haifiki. Kwa hiyo kabla ya kulipa, mnunuzi aitazame ramani ya huduma ya kampuni na kuhakikisha njia yake yote imo ndani. Kifaa kinachofanya kazi vizuri Ulaya au Marekani kinaweza kuwa bubu kwenye ziwa la Afrika ya kati.

Vya Iridium, ambavyo Garmin inReach ni mfano unaojulikana, ni ghali zaidi, takribani dola 300 hadi 400. Tofauti ni kwamba satelaiti 66 za Iridium, zilizo juu kiasi cha kilomita 780, hupokezana ujumbe zenyewe kwa zenyewe, kwa hiyo huduma hufika duniani kote, ziwani na jangwani. Zaidi ya hapo, mtu anaweza kuandika na kujibiwa. Hilo lina uzito kuliko linavyoonekana. Ishara ya dharura peke yake haisemi kama kilichoharibika ni pampu ya mafuta au kama kuna mtu anavuja damu, na anayetaka kusaidia hajui abebe fundi au daktari.

Kuna pia vifaa vya dharura tupu vinavyotumia mfumo wa kimataifa wa Cospas-Sarsat, ulioanzishwa na Kanada, Ufaransa, Marekani na Urusi ya wakati huo mwaka 1979. Havina ada ya mwezi. Huandikishwa kwa jina la mmiliki, na vikiwashwa hutuma ishara kwa angalau saa 24. Vinawafaa wenye vyombo vya majini, lakini haviwezi kutumika kumwambia mke au mume kwamba safari imechelewa kwa siku mbili na kila mtu ni mzima. Ama simu mpya za bei kubwa zinazotangazwa kuwa na huduma ya dharura ya satelaiti, mnunuzi ahakikishe huduma hiyo imefunguliwa katika nchi anazopita. Nyingi ya huduma hizo zilianzishwa Marekani na Ulaya kwanza.

Bei ya kifaa ni nusu tu ya hesabu. Ipo ada ya kila mwezi, ambayo kwa mpango mdogo huwa karibu dola 15. Mfanyabiashara mmoja anayenunua kifaa cha dola 350 atakuwa ametumia dola 530 mwaka wa kwanza. Kwa anayevuka na magunia matano hizo ni fedha nyingi, na hakuna sababu ya kumwambia azitoe peke yake. Lakini watu kumi wanaosafiri kwa zamu katika njia moja, wakiwa na chama au SACCOS, watachanga dola 53 kila mmoja mwaka huo, na dola 18 mwaka unaofuata. Kifaa kikae kwa mweka hazina, kitoke na anayesafiri, kirudi naye. Kampuni nyingine huruhusu ada kusimamishwa miezi ambayo safari hazipo, na hilo liulizwe kabla ya kutia sahihi.

Baada ya kununua, kazi inabaki kwa watu. Kitufe cha dharura cha Garmin hupeleka taarifa kwenye kituo kilichoko jimbo la Texas, Marekani. Wahudumu wa kituo hicho kazi yao ni kutafuta vyombo vya uokoaji vya nchi husika na kuvijulisha. Kwa pwani ya Bahari ya Hindi upo mlango wa kubisha: Mombasa kuna kituo cha kanda cha kuratibu uokoaji baharini kilichofunguliwa mwaka 2006. Kwa barabara ya Nadapal au kijiji cha mwambao wa Tanganyika, atakayefika kwanza huenda akawa dereva mwenzake au mvuvi wa kijiji cha jirani.

Kwa sababu hiyo kikundi kiweke ndani ya kifaa namba za watu watatu walio karibu na njia: mmoja wa anakotoka msafiri, mmoja wa anakokwenda, na mwenyekiti wa chama. Wakubaliane saa ya ujumbe wa "niko salama", tuseme asubuhi na jioni, na hatua za kuchukua ujumbe wa pili ukikosekana. Kifaa kikae mahali panapoona anga, juu ya dashibodi au juu ya paa la boti. Kikifunikwa na turubai chini ya magunia, hakitasaidia. Kiungo cha kuonyesha safari kisisambazwe kwenye makundi ya WhatsApp, maana majambazi nao wana simu.

Linabaki suala ambalo wafanyabiashara hawawezi kulimaliza wenyewe. Kifaa cha satelaiti ni chombo cha mawasiliano ya redio, na kila nchi ina mamlaka yake ya mawasiliano yenye kanuni zake. Mtu mwenye kifaa kilichokubaliwa nchi moja anaweza kuvuka daraja na kujikuta anaulizwa kibali kingine. India ni onyo la kutosha: wasafiri wa kigeni wamekamatwa katika viwanja vya ndege kwa kubeba vifaa kama hivi bila idhini. Katika maeneo yenye vita, kama mashariki mwa Kongo na sehemu za Sudan Kusini, antena ndogo ndani ya mkoba inaweza kumfanya muuza vitenge aitwe jasusi kwenye kizuizi cha barabara. Kabla ya safari, kikundi kiulize mamlaka za mawasiliano za pande zote mbili, na majibu yawe kwa maandishi, yabebwe pamoja na kifaa.

Lakini si haki kumwachia mzigo huo mama wa mabati. Jumuiya hii imeshaonyesha kwamba ikitaka inaweza. Ilirahisisha utaratibu wa forodha kwa mizigo ya wadogo isiyozidi thamani ya dola 2,000, hata asiye na wakala akaweza kuvuka na cheti kinachojazwa mpakani. Kenya, Uganda na Rwanda zilikubaliana kushusha gharama za kupiga simu kati yao kuanzia mwaka 2014. Kifaa cha ukubwa wa kiganja hakiwezi kuwa kigumu kuliko hayo.

Yanayotakiwa ni matatu. Kwanza, mamlaka za mawasiliano za nchi wanachama zitoe orodha moja ya vifaa vinavyoruhusiwa, na uandikishaji wa nchi moja utambuliwe na nyingine, ukithibitishwa kwenye kituo cha pamoja cha mpakani kwa fomu ya ukurasa mmoja. Pili, kifaa kimoja cha usalama kwa kikundi kisitozwe ushuru kama bidhaa ya anasa. Tatu, kila nchi iteue na kutangaza namba moja inayopokelewa usiku na mchana, ili kituo cha nje kinapopiga kuuliza habari za lori lililokwama au boti iliyozimika, awepo mtu wa kupokea na kutoka kwenda.

Wapo watakaosema traka haizuii risasi, na ni kweli. Mwaka 2021 madereva wa Kenya na Uganda waliegesha malori Elegu na Nimule baada ya wenzao kuuawa katika barabara za Sudan Kusini. Walichodai ni ulinzi, na dai hilo bado lina uzito wake. Hakuna serikali inayopaswa kujificha nyuma ya kifaa cha dola 350. Hata hivyo si kila anayechelewa ameshambuliwa. Kuna gari lililokatika ekseli, na kuna boti iliyoishiwa mafuta. Watu hao wanaweza kufikiwa wakiwa hai endapo kuna anayejua walipo.

Mawaziri wanaohusika na masuala ya Jumuiya watakapokutana tena kujadili mfumo wa kufuatilia mizigo, waongeze ajenda moja ya wanaoisafirisha.