Virusi vimelala, havijafa: Mbona ARV ni za kila siku?

Swali hili halikosi vijana wakianza kuongea kuhusu HIV: kama vipimo vinaonyesha virusi havionekani kwa damu, mbona mtu aendelee kumeza dawa?

Jibu limo ndani ya seli zetu. HIV ni retrovirusi, yaani hugeuza jeni zake kuwa DNA na kuzipachika ndani ya DNA ya binadamu. Lakini seli nayo haikai tu. Mnamo 2015, watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, walieleza kundi la protini tatu walilolipa jina HUSH, neno la Kiingereza la kumwambia mtu anyamaze. Kazi yake ni hiyo hiyo. Hutambua DNA ngeni na kuiita protini nyingine, SETDB1, iweke alama ya kemikali. DNA hukazwa na jeni za virusi hazisomeki.

Poa, sivyo? Shida ni kwamba kunyamaza si kufa. ARV huzuia virusi vinavyozaana, vilivyolala hazivigusi. Ukiacha dawa, kwa watu wengi virusi huamka ndani ya wiki chache.

Mnamo 2018, watafiti wa Ufaransa na Marekani walionyesha kwamba HIV-2, inayopatikana zaidi Afrika Magharibi, ina protini iitwayo Vpx inayoharibu HUSH. HIV-1, ambayo ndiyo imeenea Kenya, haina silaha hiyo.

Ndiyo maana wanasayansi wanafuata njia mbili: kuamsha virusi ili seli zilizovificha ziuawe, au kuvifungia usingizini visiamke kamwe. Zote bado ni utafiti, na HUSH ni mlinzi mmoja tu kati ya wengi, kwa hivyo yeyote anayekuuzia tiba ya HIV mtandaoni leo anakudanganya.

Hapo ndipo siasa inaingia. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada ya kigeni, kliniki nyingi Kenya zilitikisika. Takriban Wakenya milioni 1.3 wanaishi na HIV. Anayemeza dawa vizuri hadi virusi visionekane hamwambukizi mpenzi wake kupitia ngono. Dawa zikikosekana, ulinzi huo unapotea.

Virusi vilivyolala havingoji bajeti ipitishwe. Serikali ikisoma makadirio yake, tuulize pesa za ARV ziko wapi, kabla hatujaulizwa na virusi.